Wageni wanaokuja kujenga darasa: yanayosemwa na yanayoonekana saiti

Methali yetu inampa mgeni siku mbili za kupumzika, ya tatu ndiyo apewe jembe. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanaokuja likizo kujenga madarasa huku kwetu vijijini Kilimanjaro huliomba jembe siku ya kwanza, chai haijapoa. Nimekuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya shule moja ya msingi, nimewapokea zaidi ya mara moja, na kila wakiondoka husikika maneno yaleyale, mengine ya kwao, mengine yetu wenyewe.

"Wasingekuja, darasa lisingesimama."

Wageni wanaposhuka kwenye gari, msingi huwa umeshachimbwa. Mawe yamesombwa, mchanga umemwagwa, kila kaya imetoa zamu yake ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na aliyetega anajua balozi wa nyumba kumi atamfuata. Vijiji vingi Tanzania hupandisha ukuta hadi kwenye lenta, juu ya madirisha, kwa nguvu zao. Hapo ndipo panapokwama. Boma, yaani kuta tupu, linakaa miaka bila paa, nyasi zinaota ndani, mbuzi wanahamia. Kinachokosekana ni bati, mbao za kenchi za kushikilia paa, nondo na saruji ya jamvi la sakafu, vitu vya dukani ambavyo havinunuliwi kwa jasho. Ndiyo maana serikali nayo hutenga fedha za kumalizia maboma yaliyoanzishwa na wananchi. Mgeni akija na bati, amegusa penyewe. Akija na mikono mitupu, atakuta mikono tunayo.

"Kubeba tofali hakuhitaji ujuzi."

Kubeba, sawa. Kupanga je? Binti mmoja wa miaka kumi na saba, glavu mpya, aliomba apange kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, mwenyewe. Fundi wetu, mzee mpole, akaweka pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama tofali limelala sawa, juu ya tofali lake la kwanza, akakitazama kile kiputo kikikimbilia pembeni, akasema, "Safi sana, mwanangu," kisha akaligonga mara tatu kwa mpini wa mwiko. La pili hivyohivyo. La tatu alilinyanyua, akakwangua udongo wote, akaanza upya huku anatabasamu. Saa nane mchana ile kozi ilikuwa haijafika kona, na binti ana malengelenge. Fundi alipokea ujira wake wa siku kama kawaida. Siku hiyo tulimlipa kwa ualimu.

Hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2014 mwandishi Mmarekani Pippa Biddle alisimulia hadharani jinsi yeye na wanafunzi wenzake walivyokuja Tanzania kujenga maktaba. Usiku, wao wakiwa wamelala, mafundi walibomoa tofali walizopanga vibaya na kuzipanga upya, ili asubuhi wageni wasijue. Ukilinganisha na kundi la kwanza la Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea, lililofika Tanganyika mwaka 1961, wale walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walikuja na fani zao.

"Basi wabaki kwao, watume hela tu."

Hii ni ya kwetu, na mimi mwenyewe niliwahi kuipigia kelele kikaoni. Hesabu yake inauma kweli. Mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na UVIKO-19, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kutoka kwao mara nyingi hupita milioni mbili. Kwa hiyo wanafunzi kumi wakipaa, limepaa darasa zima.

Mwalimu aliyeongozana na kundi moja la wageni ndiye aliyenituliza. Alisema vijana wale walikuwa wameuza keki na kuosha magari mwaka mzima, na majirani walichangia kwa sababu mtoto wanayemjua anasafiri. Safari isingekuwepo, keki zisingeuzwa. (Na sisi tunaoamini kila mzungu kazaliwa na fedha mfukoni, tuitafakari hiyo ya kuosha magari.) Kundi lililonikaa moyoni lilituma fedha ya paa miezi minne kabla, tukawalipa mafundi wetu, na wao walipofika wakapaka rangi, wakapanda miti, jioni wakafundishwa kumenya ndizi za mtori. Hakuna aliyelazimika kubomoa kitu usiku.

"Ni likizo tu, visa ya utalii inatosha."

Haitoshi. Kujitolea kuna kibali chake, na Uhamiaji wakifika saiti hawaulizi kama unalipwa. Ulizieni kabla ya kukata tiketi.

"Darasa likifunguliwa, kazi imekwisha."

Utepe unakatwa, ngoma inachezwa, picha zinapigwa. Jumatatu watoto wanaingia, na ndipo shule inapoanza kudai. Darasa linamtaka mwalimu, ambaye kamati haiwezi kumwajiri, na mwalimu akipangiwa huku anauliza atalala wapi. Linataka madawati. Linataka vyoo, na hapo kiwango cha serikali kinajulikana: tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Darasa la watoto 45 kwa hiyo linazaliwa na deni la matundu mawili. Tangu ada ifutwe shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wameongezeka sana, na deni limekua pamoja nao. Sijamwona mgeni aliyeomba kupigwa picha akichimba shimo la choo.

Kundi la mwisho liliuliza, siku ya kuaga, mwakani wajenge nini. Mwalimu mkuu hakufikiri hata kidogo. "Vyoo," alisema. Mkalimani akakohoa, akamtazama kuhakikisha, ndipo akatafsiri.