Hilo gego halina kosa, liacheni

Wiki hii kaja mgonjwa mwingine. Chini kulia magego mawili hayapo, yaling'olewa kwingine kwa nyakati tofauti, yote kwa maumivu yaleyale ambayo bado yapo palepale. Sasa anataka nimalizie la tatu. Kwenye picha halina tundu, ukiligonga kwa mpini wa kioo halishtuki, na baridi linaisikia kama jino lolote zima. "Dokta, ng'oa tu nipumzike." Sing'oi.

Kwamba maumivu unayoyasikia kwenye jino yanaweza kutoka kwenye msuli wa taya, nimelieleza mpaka sauti imekauka, kwa hiyo leo naliandika.

Weka vidole shavuni, chini ya mfupa wa shavu, kisha uma meno kwa nguvu. Kinachotuna hapo ni msuli mkubwa wa kutafunia. Ukielemewa, huo msuli unauma halafu unalisingizia jino, hasa magego. Ule wa panjani husingizia meno ya juu, na wengi wenye shida hiyo wamekunywa dawa za kipandauso hadi wamechoka. Mgonjwa hadanganyi. Habari za maumivu kutoka kwenye meno, misuli ya kutafunia na kiungo cha taya zinasafiri kwa neva moja kubwa ya uso, na ubongo unazichanganya.

Ninavyotenganisha maumivu ya msuli na ya jino ni hivi. Naubonyeza msuli na kushikilia kama sekunde tano. Mgonjwa anaruka: "Hapo hapo! Ndilo hilo jino!" Nami jino sijaligusa. Nikibaki na shaka, nadunga ganzi. Mdomo wa chini unakufa ganzi, gego halisikii kitu, na maumivu yanaendelea vilevile. Jino lisilosikia kitu litaumaje? Hapo ndipo watu huanza kunisikiliza.

Na wenzangu wa fani wasicheke, maana sehemu ya imani hii ya kuyalaumu meno tumeieneza sisi. Mwaka 1934 daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika kwamba mtu akipoteza magego, taya hurudi nyuma na kubana neva karibu na sikio, ndiyo maana anaumwa. Wataalamu wa anatomia walikuja kuyakataa maelezo yake, lakini wazo lenyewe halikufa. Hadi leo kuna mtu anasagwa meno mazima eti "yakutane vizuri" ili taya lipone. Ushahidi wa kusaga huko ni dhaifu, na jino likishasagwa halirudi.

Sasa kiungo chenyewe, mbele tu ya tundu la sikio. Juu ya kichwa cha mfupa wa taya kuna kipande laini kilichokaa kama kofia. Kofia ikiteleza mbele, kichwa kinaifuata unapofungua mdomo, kinaingia chini yake: ta! Huo ndio mlio unaokutisha. Kama hauumi na mdomo unafunguka vizuri, yaani vidole vyako vitatu vinaingia vimesimama, uache. Watu wengi sana wana mlio huo na maisha yanaendelea. Kwa wachache kofia hugoma kurudi, na mdomo unaishia vidole viwili. Nani atafikia huko na nani hatafikia? Sina namna ya kukuambia mapema, na anayekuhakikishia muulize amejuaje.

Tiba haina mbwembwe, ndiyo maana haipendwi. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana isipokuwa unapotafuna au kumeza. Midomo ifungwe, meno yaachane. Jichunguze sasa hivi unaposoma, au ukiwa kwenye foleni barabarani. Bablishi acha. Miwa, karanga na mahindi ya kuchoma pumzika navyo wiki kadhaa. Ndugu zangu wa mirungi na muguka, taya linalotafuna kuanzia alasiri hadi usiku halijaonewa na jino. Kanda kwa kitambaa cha moto, dakika 15 hivi, mara mbili tatu kwa siku. Ibuprofeni kwa siku chache, kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo. Wengi hupata nafuu kwa hayo tu.

Pleti ya plastiki ya kuvaa usiku natengeneza, na wagonjwa hunishukuru, ila tafiti zinavutana kuhusu faida yake kwa maumivu. Naipenda kwa sababu inalinda meno ya wanaosaga usingizini, na ikishindwa unaivua. Jambo jingine ambalo hatupendi kulisema kitini: mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa au mgonjwa wa kuuguza ataendelea kukaza meno hata nimtengenezee pleti tatu.

Kuna yasiyosubiri kitambaa cha moto. Uvimbe wenye homa. Ganzi usoni isiyoisha. Taya lililofyatuka likagoma kufunga. Mdomo unaokaza huku una kidonda mwilini, maana hiyo yaweza kuwa pepopunda. Taya linalouma ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, huo waweza kuwa moyo, nenda hospitali leo.

Wengine mje na picha zenu za zamani, za kabla ya kung'oa. Msizitupe.