Kufungua dirisha hakufanyi jenereta ndani ya nyumba iwe salama

Kila umeme unapokatika mara kwa mara, ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: washa jenereta jikoni au kwenye korido isiibwe, fungua dirisha moja, na ukiona hakuna harufu ya moshi, lala salama.

Si kweli. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Harufu mnayoisikia ni ya petroli na masizi. Ikipungua, gesi inaweza kuwa bado imejaa. Dirisha moja haliitoi kwa kasi ambayo injini inaizalisha, na upepo ukigeuka huirudisha ndani. Mkaa uliokolea nao huitoa, hata usipofuka moshi. Hapo ndipo wengi hukosea.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, ekzosi ielekee mbali na nyumba, yako na ya jirani. Ukihofia wezi, ifunge kwa mnyororo hukohuko nje.

Dalili za sumu ya gesi hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, hivyo watu hudhani ni malaria. Angalia: je, mmeumwa wengi kwa pamoja, bila homa, na mnapata nafuu mkitoka nje? Tokeni wote, kisha muende hospitali. Uhakika zaidi ni king'ora cha kaboni monoksidi karibu na chumba cha kulala.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.