Jua la Dodoma halimalizi sumu

"Mtaalamu, hapa kwetu ni kukavu, kitaenda wapi?" Kila ninapofundisha watu wanaoshika taka hatarishi hapa Dodoma, lazima mtu aniulize hivyo. Nimeulizwa na mafundi wa gereji za Kizota, vijana wa maabara, wasimamizi wa ujenzi, hata watu wenye vyeti vya usalama kazini. Wanaamini kwamba oili chafu, maji ya betri au thina ikimwagwa kwenye udongo wetu, jua litaikausha na habari itaishia hapo.

Haiishii hapo. Kinachokauka ni maji, pamoja na ile sehemu nyepesi inayopaa hewani, ambayo mnaivuta ninyi mnaofanya kazi karibu. Risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo kwenye betri, haipai. Inabaki juu ya udongo, na upepo wa kiangazi unaipeleka pamoja na vumbi hadi kwenye nyumba za jirani. Thina na petroli huzama polepole. Halafu Desemba inafika. Mvua yetu ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, lakini haiji kwa manyunyu. Inashuka kwa kishindo, makorongo yanajaa kwa saa chache, na vilivyomwagwa tangu Mei vinasombwa mchana mmoja. Vinaelekea kwenye mito ya mchanga, ileile ambayo kiangazi watu hufukua mchanga wake wapate maji ya kunywa na ya kunywesha ng'ombe.

Chini ya ardhi ndiko kunakoniumiza zaidi. Visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, vimekuwa tegemeo kuu la maji la mji huu kwa miongo mingi. Vipimo vya kina cha maji vilivyoanza kuchukuliwa pale miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba bonde lile halijazwi sawasawa kila mwaka. Linajazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, na msimu wa El Niño wa 1997/98 ulilijaza kuliko misimu mingine iliyopimwa kabla yake. Maana yake kwa mtu anayeshika taka ni nzito. Udongo unaweza kukaa na uchafu wako miaka mitatu au minne, wewe ukidhani umekwisha, kisha msimu mmoja ukaufungulia njia ya kushuka. Na kwa kuwa maji mapya huingia kwa nadra, kilichoshuka hakiondoki upesi. Mahali pakavu ndipo tone moja la oili linapotakiwa kuogopwa zaidi.

Kwa hiyo msinichoke nikisisitiza sakafu ya zege, paa, na kizuizi kuzunguka mapipa chenye uwezo wa kubeba ujazo wote wa pipa kubwa kuliko yote na ziada ya asilimia 10. Nasisitiza pia daftari, na hapa sitanii. Kikimwagika kitu, andika ni nini, kiasi gani, wapi, saa ngapi na nani alikusanya ule udongo. Msimamizi atahamia mradi mwingine, kampuni itafunga kambi, na daftari ndilo litakalomwambia anayekuja kuchimba kisima kwamba pale pasichimbwe.

"Mimi ni kibarua tu, mazingira ni kazi ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira." Hapana, ndugu yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka wajibu huo kwa kila mtu anayeishi Tanzania: kulinda mazingira na kutoa taarifa kwa mamlaka kuhusu jambo linaloweza kuyaathiri kwa kiasi kikubwa. Mkaguzi hayupo pipa linapopasuka saa kumi alfajiri. Uliyepo ni wewe.

"Tuchome tu." Moto wa shimoni hauna joto la kutosha, na plastiki zikiungua hivyo hutoa dioksini, kemikali zenye sumu kali. Zebaki ya taa na vipimajoto inageuka mvuke. Risasi inabaki kwenye majivu, na majivu yenyewe mnayatupa korongoni. Hata kichomea taka cha hospitali, chenye joto la nyuzi 850 na zaidi, hakipunguzi mionzi hata chembe. Moto haugusi kiini cha atomu.

Kwenye mionzi kuna kosa lingine linalonikera: kuogopa kisicho na hatari na kuzoea chenye hatari. Watu wanakimbia mashine mbovu ya eksirei iliyotupwa stoo, ilhali mashine ile ikishakatwa umeme haitoi mionzi yoyote (mafuta ya transfoma yake na risasi yake ni taka hatarishi, hayo yashughulikieni). Watu haohao wanalala chumba kimoja na kile kipimo cha mshindilio wa udongo kinachotumika kwenye ujenzi wa barabara, kwa sababu "kimezimwa". Aina nyingi za vipimo hivyo hubeba siziamu-137 na amerisiamu-241, elementi zinazotoa mionzi zenyewe, na hizo hazina swichi. Kisanduku kinapunguza mionzi tu, hakiizimi.

"Ni cha zamani, kimeshaisha nguvu" nayo naisikia sana. Iodini-131 ya hospitali hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa hiyo ukiitunza miezi mitatu imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Siziamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na amerisiamu-241 huchukua zaidi ya miaka 430. Huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, mashine ya tiba yenye siziamu-137 iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamwa ilifika kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Watu wanne walikufa, na nyumba kadhaa zikabomolewa kwa sababu unga wa siziamu ulikuwa umesambaa humo. Kipimo kilichoharibika kisiuzwe kwa kilo. Mwenye leseni anatakiwa kuwasiliana na Tume ya Nguvu za Atomu, yenye ghala la kuhifadhi taka za mionzi kule Arusha.

Kipimo kikikanyagwa na mtambo wa kushindilia barabara, msikiokote. Simamisheni mtambo palepale ulipo, maana magurudumu yanaweza kubeba kilichovunjika. Ondoeni watu wote, wekeni uzio mita tano au zaidi, na mmoja wenu abaki nje ya uzio kuzuia wapita njia huku mwingine akimpigia simu ofisa wa kinga ya mionzi wa mradi. Waliokuwa karibu wasiende nyumbani kabla ya kupimwa nguo na viatu. Na kunywa maziwa baada ya hapo, kama wengi mnavyoshauriana, hakuondoi mionzi wala risasi mwilini.