Uongo tunaoambiana kuhusu kazi na maisha hapa Nairobi

Kuna maneno tumerudia sana kwa matatu na kwa meza za lanchi mpaka yamekuwa kama kweli. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, ofisi yetu iko Upper Hill, na kampuni nyingi zikifunga vitabu Desemba basi Januari mpaka Aprili sisi ndio tunakesha. Kwa hivyo haya nimeyalipia.

Ya kwanza: "Ukitoka kazini saa kumi na moja, jioni yote ni yako." Anayesema hivyo anakaa Kilimani, karibu na ofisi. Mimi nakaa Rongai, nje ya mji, saa kumi na moja na robo alfajiri niko steji, saa moja niko ofisini nimekaa tu napiga chai nikingoja saa mbili ifike, halafu jioni natoka na watu wote wa Nairobi kwa wakati mmoja, pale Bomas gari haisongi, naingia kwangu saa mbili usiku mtoto ashalala. Hayo ni masaa karibu 15 nje ya nyumba na mkataba unasema 8. Hesabu mlango hadi mlango, si masaa ya kwa karatasi. Watu wanauliza nilianzaje kupata muda wangu na wanangoja niseme maombi ama kukimbia msitu wa Karura, kumbe nilimwomba tu meneja niingie saa moja nitoke saa kumi, kwa sababu hiyo saa moja ningekuwa hapo hata hivyo. Akakataa, baadaye akakubali isipokuwa ile miezi ya msimu. Saa kumi na moja na nusu niko nyumbani. Sikupunguza kazi hata dakika.

Halafu kuna hii, "kazi haijawahi kuua mtu." Imeua bana. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao 2021, kwamba mwaka wa 2016 watu kama 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo unaohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, na ukilinganisha na mtu wa saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi inapanda kama asilimia 35. Ukisikia 55 unafikiria ni watu wa migodini huko mbali. Ingia saa mbili asubuhi, toka saa moja usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, lanchi ukule ukiangalia laptopu. Hiyo ni 55 kamili na Jumamosi hujaigusa.

Livu nayo, wengi wanaiomba kama wanakopa pesa, sauti chini, "samahani bosi kama haitasumbua". Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kamili kila baada ya miezi 12, na siku moja ya mapumziko kila siku saba. Si zawadi. Na wewe unayezirundika ukijisifu una siku arobaini na kitu, likizo si hisa za sacco, haizai gawio, tena sheria haikukusudia uziweke milele. Mimi nilirundika miaka miwili, nilipoenda kuziomba nikaambiwa nyingine zilishapita muda. Nililia kwa choo cha ofisi, niseme ukweli.

"Nikipanda cheo nitapumzika." Muulize aliyepanda, simu yake hailali.

Kufanyia kazi nyumbani pia si dawa ile tulidhani 2020. Unaokoa nauli na jam, sawa, lakini kama ofisi ni meza ya kula basi hakuna saa ya kutoka, unajikuta unajibu meseji ukikoroga ugali. Kwangu ilisaidia kitu cha kijinga kabisa: saa moja jioni laptopu inaingia kwa begi, begi inaingia chini ya kitanda, na mgongo wangu hautaki kuinama tena.

Ya mwisho ndio ilinishika zaidi, kwamba ukizima simu siku mbili kila kitu kitaanguka. Kule Ufaransa tangu 2017 kampuni kubwa zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu baada ya kazi, huku kwetu tunajibu hata tukiwa kwa matanga. Agosti nilienda Murang'a kwa mama, nikazima Ijumaa jioni, nikawasha Jumapili usiku nikiwa na tumbo joto. Meseji 143 kwa grupu ya kazi. Zilizonihusu zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa inasema ile ya kwanza ishatatuliwa. Zilizobaki nyingi ni watu wakimtakia mtu heri ya kuzaliwa.