Dubu wa wali na adui yake, maji

Wengi wanaotaka niwafundishe bento, yaani chakula cha Kijapani cha kufungwa kwenye kasha, zenye sura za wanyama hunijia na picha kwenye simu: dubu mwenye mashavu ya waridi, sungura aliyejifunika shuka la yai. Swali lao la kwanza huwa ni mkasi gani unakata vizuri macho ya nori, karatasi nyembamba ya mwani mkavu. Mkasi wowote mdogo wenye ncha kali unatosha. Mimi nataka kujua kwanza wali wao wanaupikaje, maana dubu aliyependeza alfajiri ana faida gani ikiwa mchana ameshakunja uso?

Huko Japani chakula cha namna hii huitwa kyaraben, na mlaji wake hasa ni mtoto wa chekechea. Mzazi hukiandaa asubuhi na mapema, mtoto hukila mchana, kikiwa kimepoa ndani ya kasha dogo lenye mfuniko uliobana. Karibu ufundi wote wa kyaraben unatokana na hali hiyo. Chakula kimefungiwa pamoja na unyevu wake chenyewe, na kazi ya mpishi ni kujua unyevu huo unatoka wapi na utakwenda wapi.

Nianze na wali. Mchele wa Kijapani ni wa punje fupi na wanga wake una kidogo cha amilosi, sehemu ya wanga inayofanya punje ziachane, ndiyo maana punje hushikana. Pishori ya Mwea na mchele wa Kyela vinanukia vizuri, lakini punje zake huachana, jambo tunalolitaka kwenye pilau. Kwa dubu havifai. Tafuta mchele unaouzwa kwa jina la mchele wa sushi. Uoshe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uloweke nusu saa, na kwa kila mililita 200 za mchele tia mililita 220 hadi 240 za maji. Ukiiva, zima moto na usifunue sufuria kwa dakika 10, ili mvuke uliobaki uingie ndani ya punje. Ufinyange ungali na joto, ndani ya plastiki ya kufungia chakula. Matone machache ya sosi ya soya huupa rangi ya kahawia ya dubu. Na tafadhali usiutie friji: ukipata baridi wanga wake hukakamaa, na dubu huanza kumeguka.

Nori hubandikwa wali ukishapoa kabisa. Ikipata unyevu hunywea na kujikunja, na mdomo uliokuwa ukitabasamu hupinda upande. Dawa yake ni jibini ya vipande. Paka mayonezi kidogo mno juu ya jibini, laza jicho la nori, kisha kata jibini kulizunguka ukiacha ukingo mwembamba. Mafuta ya jibini huzuia unyevu wa wali usipande, na jicho hubaki vilevile mpaka wakati wa kula. (Watu wa Zanzibar huniuliza kama mwani wa kwao ungefaa. Ule ni wa aina nyingine. Huuzwa zaidi kwa ajili ya karajini, kitu cha kuvifanya vyakula viwe vizito. Nori hutokana na mwani mwembamba, unaosagwa, kutandazwa na kukaushwa.)

Masikio hushikizwa kwa kipande cha tambi kavu. Kijiti cha meno kinaweza kumchoma mtoto, ila tambi hunyonya unyevu wa chakula na mchana huwa imelainika, inalika. Hapa maji yanatufanyia kazi.

Vitoweo navyo vina sheria zake. Mchicha au spinachi huchemshwa kidogo, hukamuliwa kwa mkono mpaka isidondoke hata tone, kisha hutandikiwa ufuta uliosagwa au mabapa ya katsuobushi, samaki aliyekaushwa, ya kunyonya mchuzi wowote utakaobaki. Karoti za kuchemsha kwa sosi ya soya huachwa motoni hadi mchuzi ukauke. Yai la kukunja la tamagoyaki hupikwa tamu mashariki, upande wa Tokyo. Upande wa Osaka na Kyoto hutiwa supu ya dashi likawa laini na lenye majimaji. Mimi napenda hilo la pili mezani, lakini kwenye kasha natia la Tokyo. Viungo vikolee kuliko kawaida, kwa kuwa chakula kikipoa ladha yake hufifia.

Mpangilio wa viungo Wajapani huukariri kwa silabi: sa, shi, su, se, so. Ni sukari, chumvi, siki, sosi ya soya, na miso, yaani rojo ya soya iliyochachushwa. Sukari hutangulia kwa sababu hupenya polepole. Chumvi ikiwahi, hukaza chakula. Sosi ya soya na miso huja mwisho, zisipoteze harufu.

Hiyo dashi ndiyo ningependa watu waijue kabla ya kununua vikata maumbo. Ni maji yaliyochukua ladha ya mwani wa kombu na samaki aliyekaushwa. Mwaka 1908 mkemia Ikeda Kikunae alitenga glutamati kutoka kwenye kombu na kuiita ladha yake umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Kodama Shintaro, akaonyesha kuwa katsuobushi ina inosinati. Zikikutana, umami huwa mkali kuliko jumla ya kila moja peke yake. Lakini kombu na katsuobushi ni ghali, na hata Japani wengi nyumbani hutumia niboshi, visamaki wadogo waliochemshwa na kukaushwa. Ukipata dagaa wa Kigoma umekaribia sana, kwani hao ni wa jamii ya sadini. Watoe vichwa na matumbo, huko ndiko uchungu uliko. Osha mchanga, wakaange bila mafuta mpaka wanukie, loweka usiku kucha, kisha chemsha taratibu dakika 10 na uchuje. Kwa supu, koroga miso baada ya kuzima moto. Iliyobaki ichemshie viazi na karoti.

Kasha lisifungwe chakula kikiwa bado na joto. Mvuke hugeuka matone chini ya mfuniko, matone hudondokea uso wa dubu, na bakteria hupata mahali pa kuzaliana. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa naweka pia barafu ya pakiti ubavuni. Tumia kibanio, usishikeshike kwa vidole.

Kuna chekechea za Japani zilizokataza kyaraben, na nadhani zina haki: mama mmoja akichonga ngome, wengine nao watajiona wanadaiwa. Mimi hushauri sura moja tu kwa kasha, na anayeanza aanze na pweza. Chukua soseji fupi, pasua nusu yake ya chini miguu 6 au 8, ikaange kwa moto wa kiasi. Ngozi ya soseji hunywea ikipata moto na miguu hujikunja nje yenyewe. Macho ni punje mbili za ufuta mweusi, zilizochomekwa kwenye vitundu vilivyotobolewa kwa kijiti. Pweza huyu hahitaji nori wala jibini.