Je, wajua kwa nini paka wa Minamata waliugua kabla ya watu?

Ufuoni Dunga, hapa Kisumu, paka hula kinachobaki kwa wavuvi: matumbo, vichwa, omena (dagaa) waliomwagika. Minamata, mji wa pwani kusini mwa Japani, paka waliishi vivyo hivyo. Miaka ya 1950 wakaanza kuyumba, kutetemeka na kuzunguka ovyo hadi wakafa.

Kisha zamu ikafika kwa watu. Aprili 1956 mtoto wa miaka 5 alipelekwa hospitalini akiwa hawezi kutembea wala kusema vizuri, na tarehe 1 Mei daktari Hajime Hosokawa akaripoti ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Ikadhaniwa unaambukiza. Familia za wavuvi zikatengwa na majirani, jambo linaloniuma hadi leo, kwani hao ndio waliokuwa wamelishwa sumu.

Sumu yenyewe ilikuwa zebaki ya methili, yaani zebaki iliyoungana na kaboni na hidrojeni, iliyotiririshwa baharini na kiwanda cha kemikali cha Chisso. Haionekani, haina harufu. Viumbe vidogo vya majini huinyonya, samaki wadogo huwala, wakubwa huwala wadogo, na kila hatua sumu huzidi. Ndiyo maana katika ziwa lolote lenye zebaki, mbuta (sangara) anayekula omena hubeba nyingi kuliko omena. Sumu hiyo hujishikiza kwenye nyama ya samaki, kwa hiyo kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Paka mwenye mwili mdogo, anayeshinda akila samaki, hufikiwa na sumu upesi. Sumu hiyo pia hupita kondo la nyuma: akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioathirika ubongo.

Huku kwetu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori, magharibi mwa Kenya, hutumia zebaki kunasa dhahabu. Hiyo ni ya maji maji, si ya methili, lakini ikifika kwenye matope ya mto, bakteria wanaweza kuigeuza iwe ya methili. Na maji ya Mto Migori huishia Ziwa Victoria.

Mwaka 1959 Hosokawa, aliyekuwa daktari wa hospitali ya kampuni hiyohiyo ya Chisso, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda. Paka akaugua. Kampuni ikaficha matokeo, na serikali ya Japani ikakiri chanzo cha ugonjwa Septemba 1968 tu. Hosokawa alitoa ushahidi kuhusu paka huyo mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani, miezi michache kabla ya kufariki.