Cheni haivutiki jamani, inaliwa

Jumapili iliyopita limetokea tena. Tumesimama pale Coco Beach tunakunywa madafu, dogo mmoja kaja na baiskeli yake ya fiksi, kaigeuza juu chini na kuanza kuzungusha pedeli kwa mkono, cheni inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, ananiambia "kaka cheni yangu imevutika, naomba spana namba 15 niikaze". Spana nikampa, lakini hilo neno nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, kwa wageni na kwa wazoefu, na nadhani ni wakati tuliongelee vizuri kwa sababu siyo suala la lugha tu, lina watu linawaharibia baiskeli.

Kwa ambaye hajui fiksi, haraka haraka: ni baiskeli isiyo na frii, gurudumu la nyuma likizunguka na pedeli zinazunguka, huwezi kupumzisha miguu huku unateremka. Sproketi (lile duara la meno linaloshika cheni) moja mbele, moja nyuma, hakuna gia za kubadilisha wala kile kimkono cha springi kinachovuta cheni yenyewe. Ndiyo baiskeli ya mbio za uwanjani, Wajapani wanashindana nazo kwenye mbio zao za keirini tangu 1948 walipoanzia mji wa Kokura, na wapeleka vifurushi wa New York waliizoea sana mitaani, mmoja wao Nelson Vails alitoka kwenye kazi hiyo ya vifurushi akachukua medali ya fedha Olimpiki ya Los Angeles 1984. Fiksi ni iliyokazwa, iliyofungwa isitembee peke yake. Basi.

Sasa hili la kuvutika. Wenzetu wanaoongea Kiingereza wana msemo wao, wanasema cheni ime-"strechi", yaani imenyumbuka ikawa ndefu. Ni msemo wa zamani na wenyewe kwa wenyewe wanasahihishana kila siku, marehemu Sheldon Brown, yule fundi wa Massachusetts aliyewafundisha wengi mambo ya fiksi, alishaeleza kwamba neno linapotosha. Sisi tumelipokea kupitia video, mtu anaangalia, anasikia strechi, anatafsiri, inatoka kuvutika. Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili tayari kilikuwa na neno sahihi kuliko hilo la kwao! Mafundi waliokuwa wakitutengenezea baiskeli za Phoenix na Swala chini ya mwarobaini hawakuwahi kusema cheni imevutika. Walisema imeliwa. Au imekwisha. Mzee mmoja alikuwa anaishika cheni pale mbele kabisa ya sproketi kubwa, anaivuta kuelekea kwake kwa vidole viwili, ikiinuka mpaka jino likaonekana lote uwazi anakwambia "hii imeliwa mwanangu, kanunue nyingine". Hakuwa na kipimo wala video, ila neno lake lilikuwa linaeleza kilichotokea ndani ya chuma.

Angalia kitenzi chenyewe. Kitu kinachovutika ni kama mpira, au ulimbo, au unga wa maandazi uliokandwa ukakubali, unauvuta wenyewe unakuja, mwili wake unarefuka. Ukisema cheni imevutika unasema vile vibamba vya chuma vya pembeni vimerefuka kwa sababu ulikanyaga kwa nguvu. Haya tupige hesabu. Mtu wa kilo 80 akasimama uzito wake wote juu ya pedeli moja, mkono wa pedeli milimita 170, sproketi ya meno 48 ambayo kutoka katikati hadi kwenye cheni ni kama milimita 97, cheni inavutwa kwa nguvu sawa na kuning'iniza kilo 140 hivi. Cheni nzuri ya baiskeli inatengenezwa ihimili zaidi ya kilo 800 kabla ya kukatika. Kwa hiyo hujavuta chuma chochote kaka, hata uwe na mapaja ya namna gani. Chuma kinajinyoosha kidogo sana ukikanyaga, ukiachia kinarudi pale pale kilipokuwa.

Kinachotokea ni kingine kabisa. Kila pingili ya cheni imeshikwa na pini, pini imepita ndani ya bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma, juu ya bushi kuna rola inayozunguka kwenye jino. Kila cheni inapoingia kwenye sproketi inajikunja, inapotoka inajinyoosha, na kila inapokunjwa pini inasuguana na bushi. Ikiingia vumbi na mchanga pale, pamoja na mafuta, inakuwa kama msasa wa maji, inasaga taratibu. Pini inapungua unene, bushi inapanuka tundu, nafasi inazaliwa, na nafasi hizo ndogo ndogo za pingili zote zikijumlishwa ndiyo unaona cheni "imerefuka". Yaani cheni inakuwa ndefu kwa sababu chuma kimepungua! Ukiweza kuipima kwenye mizani ya dukani ya kupimia dhahabu ingekuwa nyepesi kuliko ilivyonunuliwa.

Na hili siyo jipya. Aliyetengeneza cheni ya bushi na rola tunayoitumia mpaka leo ni Hans Renold, Mswisi aliyekuwa Uingereza, mwaka 1879 alinunua kiwanda kidogo cha cheni cha James Slater pale Salford na mwaka 1880 akatoa hii ya bushi. Kabla ya hapo pini zilikuwa zinasuguliwa na sehemu nyembamba sana ya bamba, zinakwisha haraka, yeye akaweka bushi ili msuguano usambae kwenye eneo pana. Yaani bushi imewekwa mle kwa sababu ya kupambana na kuliwa, mtu alijua zaidi ya miaka 140 iliyopita kwamba ugonjwa wa cheni uko kwenye pini, sisi leo tunasema imevutika. (Cheni nyingi za kisasa za baiskeli za gia hazina bushi nzima, wameviringisha tu ukingo wa bamba la ndani, lakini zinaliwa pale pale.)

Ukitaka kuliona kwa macho chukua cheni iliyokwisha na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita kwa usahihi. Pingili za ndani, zile nyembamba zenye bushi zake mbili, pima katikati ya bushi na bushi utakuta bado ni milimita 12.7 kama zilivyotoka dukani. Za nje ndizo zimeachana. Ingekuwa chuma kinavutika zote zingerefuka sawa, si ndiyo? Mimi hiki ndicho kilichonimaliza kabisa siku nilipokipima mwenyewe, sikuhitaji tena kubishana na mtu.

Vipimo vyenyewe vidogo mno. Pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili, tumia rula ya chuma, anza katikati ya pini moja. Ukikuta inchi 12 na 1/16 hiyo imeliwa asilimia 0.5, kwa kila pingili ni milimita 0.06 hivi, unene wa unywele. Ikifika 12 na 1/8 ni asilimia 1, na watu wa gia wangekuwa wameshaitupa kitambo ila sisi wa sproketi moja tunaweza kuibeba mpaka hapo, kwa sababu cheni yetu ni pana, inakwenda moja kwa moja, haipindi pindi kuhama gia.

Na sisi wa fiksi tuna kipimo cha bure ambacho watu wa gia hawana, sijui kwa nini hakuna anayekitumia. Cheni ya pingili 100 ikiliwa asilimia 1 inakuwa imeongezeka urefu wa pingili moja nzima, milimita 12.7. Hiyo inagawanyika juu na chini, kwa hiyo ili ukaze lazima gurudumu lirudi nyuma kama milimita 6. Siku unafunga cheni mpya chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye fremu pale ekseli, yaani mhimili wa gurudumu la nyuma, ilipokaa. Ekseli ikihama karibu milimita 6 kutoka kwenye alama, acha kukaza, nenda dukani.

Hapo ndipo mkanganyiko unapotokea na namwelewa dogo kabisa, kwa sababu cheni iliyoliwa dalili yake ya kwanza kwenye fiksi ni kulegea, na dawa ya kulegea ni spana. Lakini cheni inalegea kwa sababu nyingi. Nati hazikukazwa vizuri gurudumu likavutwa mbele ulipozuia kwa miguu. Au cheni ni mpya, wiki ya kwanza inajikalisha kidogo. Au sproketi ya mbele haijakaa katikati, ukizungusha pedeli kuna mahali cheni inakaza mpaka inalia na mahali pengine inaning'inia, hapo hata ukihamisha gurudumu hujatibu kitu, unalegeza boliti za sproketi kidogo, unaigonga gonga taratibu mpaka inakaa katikati, unakaza tena. Yote hayo ni kulegea kweli. Kilicholegea unakikaza kinarudi kama kilivyokuwa. Kilicholiwa ukikikaza unakuwa umeficha tu, nafasi kwenye pini iko pale pale na pingili hazilingani tena na meno, rola inapanda juu ya jino badala ya kukaa chini kwenye kitako, na jino linaanza kuliwa nalo mpaka linachongoka kama pezi la papa.

Nimeshamuona mtu anakaza cheni ile ile mwaka mzima, kila baada ya wiki mbili tatu, anasema imevutika anavuta gurudumu nyuma, mpaka ekseli ikakaribia kutoka kwenye fremu ndipo akanunua cheni mpya, kuifunga ikawa inapiga kelele kama mashine ya kusaga kwa sababu sproketi zote mbili zilikuwa zimeshajitengeneza kufuata cheni iliyoliwa. Akanunua na sproketi. Cheni pekee ingemgharimu sehemu ndogo tu ya pesa ile kama angeitoa mapema, na hakuna aliyemwambia kwa sababu wote tulikuwa tunasema imevutika, na kitu kilichovutika si unakikaza tu?

Tena kwenye fiksi kuna la usalama. Baiskeli ya kawaida inavuta cheni ya juu peke yake, cheni ikianguka unateremka tu kwa frii unapaki pembeni. Sisi ukizuia kwa miguu cheni ya chini ndiyo inavutwa, ya juu inalegea, kisha ukikanyaga tena inageuka, kwa hiyo cheni yetu inapigwa pande zote mbili, ikiwa na nafasi kubwa utasikia ule mshtuko kwenye mguu, tak, kila unapobadilisha. Ikiruka nje ya meno inaweza kubana gurudumu la nyuma likasimama ghafla katikati ya magari, au isibane chochote na ukabaki huna breki kabisa kama ulikuwa unategemea miguu. Ndiyo maana nasema kila siku wekeni breki ya mbele. Na cheni ukiibonyeza katikati ya sproketi mbili icheze sentimita moja hivi juu chini, moja na nusu mwisho, isiwe imekazwa kama waya wa gitaa maana hiyo nayo inaua bearingi.

Kuhusu kuihudumia, kama umeelewa kwamba ugonjwa uko ndani ya pini utaelewa kwa nini kumwagia oili chafu ya gari nje ya cheni hakusaidii, ile imeshabeba vyuma vilivyosagika ndani ya injini unaipeleka mwenyewe kwenye bushi. Sisi wa pwani ndiyo kabisa, mchanga na chumvi. Ukitoka Coco pangusa cheni kwa kitambaa kikavu kwanza, mara moja moja itoe uioshe kwa mafuta ya taa kwenye kopo lenye mfuniko, itikise, iache ikauke kweli kweli, halafu tone moja la mafuta mepesi kwa kila rola, zungusha pedeli dakika kadhaa yaingie, kisha pangusa yote yaliyobaki nje. Yanayobaki nje kazi yake ni kukamata vumbi tu.

Dogo wa Jumapili nilimwambia asikaze kwanza. Tukaazima rula kwa kijana anayeuza vifaa vya shule pale kando, tukahesabu pingili 24, ikasoma inchi 12 na kupita kidogo 1/8. Akaangalia meno ya nyuma, bado yalikuwa mazuri kwa sababu sproketi ni ya chuma, ana bahati. "Kwa hiyo imevutika sana", akasema. Nikamwambia hapana mdogo wangu, haijavutika hata kidogo, imeliwa.